Inveta ya kilowati tano kwa taa sita

Kuna picha imezunguka kwenye grupu letu la ukoo wiki nzima. Baba mdogo amesimama shambani kwake Kilindi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeegemea ukuta ambao fundi amefunga boksi jeupe kubwa lenye kioo: inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Chini yake betri ya lithiamu. Maandishi: "Kilowati 5. TANESCO kwaherini." Pongezi zikamiminika, na watu wakaanza kuomba namba ya fundi. Mimi nikauliza kitu kimoja tu: hilo boksi likiwa limewashwa na hakuna kinachotumika ndani ya nyumba, lenyewe linakula kiasi gani? Binamu yangu akanijibu kwamba wivu utaniua.

Sawa. Ngoja niueleze huo wivu.

Nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, kule zimeishia kijijini, na shamba liko ng'ambo ya mto. Kwa hiyo sibishani na sola, wala na lithiamu. Betri za maji tumezitumia sana, tunazijua: ya ampea mia unaitumia nusu tu, ukizidisha mara kwa mara mwaka haujaisha nayo imekufa. Lithiamu unaishusha mpaka asilimia themanini au zaidi na kesho inarudi kazini. Ni ghali, lakini pesa yake unaiona. Ninachobishana nacho ni huu ugonjwa wetu wa kuchagua inveta kwa namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, halafu kuiacha inawaka usiku na mchana mwaka mzima.

Nilipokwenda kumsalimia nikabeba klempu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea zinazopita, ile inayopima DC, umeme wa betri na sola (nyingi za bei ya chini zinapima AC, umeme wa nyumbani, peke yake, angalia kabla hujalipa). Tukashusha breka zote za nyumba. Friji kimya, taa zote zimezimwa, hata chaja ya simu imechomolewa. Kwenye kioo cha inveta mzigo unasomeka wati 0. Nikazungushia klempu kwenye waya wa betri: ampea 1.2. Volti za betri 52. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya wati 60, na hakuna hata balbu moja inayowaka. Baba mdogo akaangalia kioo, akaangalia mita, akasema mita yangu ni ya Kichina. Nikamwambia, na inveta je?

Wati 60 zinaonekana ndogo mpaka uzipeleke kwenye saa. Kwa saa 24 ni uniti 1.4. Sasa weka pembeni matumizi ya nyumba yenyewe: friji dogo kama uniti 0.8 kwa siku, balbu sita za wati 9 jioni nzima hazifiki 0.3, runinga na king'amuzi nazo 0.3, ruta na simu za watoto kama robo. Jumla uniti 1.6 hivi. Yaani lile boksi linakula karibu sawa na familia nzima pamoja na friji lao. Muuzaji hatakutajia hilo, kwa sababu hakuna anayeuliza, na kwenye kioo halionekani kwa sababu kioo kinahesabu kinachotoka kwenda nyumbani, si kile kinachobaki tumboni mwa inveta.

Kiangazi hutajali. Paneli nne za wati 550 kwenye jua la Kilindi zinaweza kuleta uniti 8 kwa siku, betri yenyewe ni ya uniti 5 tu, saa saba mchana imeshajaa na jua linabaki halina pa kwenda. Ndiyo maana fundi anaondoka na sifa zake. Ngoja masika. Wingu likikaa wiki nzima, paneli hizo hizo zikatoa robo, ni uniti 2. Nyumba inataka 1.6, kwa hiyo mngepita bila kelele. Ongeza 1.4 za inveta: mnatumia 3, mnaingiza 2. Kila siku betri inapungukiwa uniti nzima, na haipungukiwi kwa sababu ya friji wala sabufa ya binamu yangu.

Halafu kinachofuata ndicho kinachonikera kabisa. Saa tisa usiku betri inafika chini, BMS yake, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, inakata umeme ili kulinda seli. Inafanya kazi yake vizuri. Asubuhi jua linatoka, paneli zinapata mwanga, lakini inveta nyingi za aina hii, zile zenye chaja ya sola humo humo, zinataka kuona volti za betri kwanza ndipo ziamke. Betri imejifunga, volti hakuna. Jua liko juu ya bati, umeme haupiti. Hapo ndipo watu wanatafutana kwa simu zenye chaji asilimia nne, na fundi yuko Korogwe anasema atakuja Jumatatu. Kosa hapo si la betri. Ila nani atalaumiwa? "Lithiamu feki."

Nikamuuliza baba mdogo, kilowati tano za nini? Akasema pampu. Pampu ya kisima ya nguvu ya farasi mmoja, inavuta kama kilowati moja ikishazunguka, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Hoja yake ina uzito, siwezi kuikataa: inveta ndogo ingeshindwa kuiwasha hiyo pampu. Lakini inapigwa nusu saa kwa siku kujaza tangi. Kwa ajili ya hiyo nusu saa, boksi zima linakesha saa ishirini na tatu na nusu likilisha taa sita. Zipo pampu za sola zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, hazitaki betri wala inveta. Jua likiwepo zinajaza tangi, usiku zinalala, na maji hayaharibiki yakikaa kwenye tangi. Ukishaitoa pampu kwenye hesabu, ile nyumba inaishi vizuri kwa inveta ya kilowati moja yenye wimbi safi (umeme wake unafanana na ule wa gridi), ambayo ikiwa nzuri inakula wati kumi au zaidi kidogo ikiwa haina mzigo. Au, kama pesa ya inveta kubwa imeshatoka, iache kwa kazi kubwa tu: washa, pandisha maji, piga pasi kama lazima upige, zima. Inveta ndogo ya volti 48 ifungwe kwenye betri hiyo hiyo kwa kazi ya kukesha.

Inveta nyingine zina hali ya kubana matumizi, zinasinzia zikiona hakuna mzigo. Ni kweli. Lakini ruta na chaja ya simu ni mzigo mdogo mno kuziamsha, basi unakaa gizani ukibonyeza swichi. Nimeona mtu anaacha balbu ya bafuni ikiwaka usiku kucha ili inveta isilale. Huo ndio ubanaji wetu.

Upande wa pili wa ugonjwa ni wale wa Kariakoo wanaouza "seti": inveta wati 3000, betri ya lithiamu ya volti 12 ampea 100, "inawasha kila kitu boss". BMS ya betri ya namna hiyo kwa kawaida inaruhusu ampea 100. Zidisha kwa 12.8, ni wati 1280. Hizo nyingine zitatoka wapi, mbinguni? Ukichomeka jagi la kuchemshia maji la wati 2000, betri inakata kabla maji hayajapata moto. Na hata ungekuwa na betri kubwa zaidi, wati 3000 kwa volti 12 ni ampea 250, waya wake unakaribia unene wa kidole gumba na wewe umepewa waya wa kuwashia gari. Kwa volti 48 ni ampea 63. Ukishavuka wati elfu moja na kitu, achana na 12.

Mengine nayataja haraka kwa sababu nimechoka kuyarudia. Wimbi lisilo safi linaunguruma kwenye feni na kuchemsha mota ya friji, usinunue hata kwa zawadi. Kwenye mipangilio hakikisha ile chaji ya kusawazisha betri za maji imezimwa, lithiamu haiitaki. Usisome chaji ya lithiamu kwa volti peke yake: inakaa palepale muda mrefu, halafu inaporomoka ghafla. Na inveta haifungwi chini ya bati bila dari, joto la mchana linaipunguzia nguvu na miaka.

Na breka, jamani. Kwa baba mdogo nilikuta kati ya betri na inveta imefungwa breka ya kawaida ya AC, ile ya ukutani. Umeme wa AC unapita sifuri mara mia kwa sekunde, ndiyo maana cheche inazimika breka ikifunguka. DC haipiti sifuri. Cheche inaweza kuendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke, na pembeni kuna betri yenye uniti tano. Fundi aliyefanya hivyo bado anaombwa namba kwenye grupu.

Ya breka alikubali, tukaagiza ya DC na ikabadilishwa. Ya inveta ndogo amesema atafikiria akishauza mahindi.