Ricky Nelson alibebwa, lakini muziki aliujua

Aprili 1957, katika kipindi cha runinga kilichoigizwa na familia yake mwenyewe, Ricky Nelson, kijana Mmarekani, aliimba "I'm Walkin'", wimbo wa Fats Domino. Alikuwa na miaka 16. Muda si mrefu akawa kwenye kumi bora za Marekani, na hadi leo wapo wanaosema kijana yule alibebwa tu.

Alibebwa kweli. Domino, mpiga piano mweusi wa New Orleans, ndiye aliyeuvumisha wimbo huo muda mfupi kabla, ila hakuwa na baba mwenye kipindi. Ozzie Nelson, baba yake Ricky, alikuwa nacho, na kwa kuwa zamani aliongoza bendi, alijua faida ya kumpa mwanawe dakika mbili tatu za kuimba mwishoni. Mtazame pia mwimbaji Carl Perkins, ambaye Ricky mwenyewe alimhusudu: mtoto wa wachuma pamba wa Tennessee. Machi 1956 alikuwa njiani kwenda New York kuonekana runingani, akapata ajali mbaya ya gari. Akiwa bado anauguza majeraha, "Blue Suede Shoes", wimbo aliotunga yeye, ulikuwa ukiimbwa na Elvis Presley mbele ya kamera.

Hata hivyo, kamera haimpi mtu sikio. Nelson alimchukua James Burton, mpiga gitaa kijana aliyekulia Louisiana, akaimba tungo za ndugu wawili wa Memphis, Johnny na Dorsey Burnette, na hakujikaza kunguruma kama Elvis. Sauti aliiacha chini, karibu ya mazungumzo, fujo akaliachia gitaa. Sikiliza "Believe What You Say" ya 1958. (Ule wa "Poor Little Fool", uliokuwa wa kwanza kabisa kushika namba moja kwenye Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, Agosti mwaka huohuo, mimi haunigusi.) Elvis aliporudi majukwaani 1969, mpiga gitaa aliyemwita ni Burton.

Kipindi kilikoma 1966. Miaka mitano baadaye Nelson alizomewa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York: alikuja na nywele ndefu na nyimbo mpya. Wengine husema kelele zile ziliwalenga polisi waliokuwa ukumbini. Yeye aliamini zilimlenga yeye, akatunga "Garden Party", ukafika nafasi ya sita 1972. Wanaomwita mtoto wa runinga huuruka wimbo huu, na mashabiki wake nao humruka Domino. Desemba 31, 1985 ndege yake ilianguka Texas akielekea Dallas kwenye onyesho jingine.