Shule ndogo ikishajaa

Wanafunzi watano. Rabindranath Tagore, mshairi wa India, alipofungua shule yake Santiniketan, Bengal, Desemba 1901, shule nzima ingeenea kwenye mkeka mmoja, na mmoja wao alikuwa mwanawe wa kumzaa. Aliuza nyumba yake ya pwani huko Puri, mkewe Mrinalini akatoa vito vyake viuzwe. Mwaka uliofuata mama huyo akafariki. Huwa nawakumbuka hao wawili kila nikisikia mtu anataka kufungua shule mbadala, ile inayompa mtoto uhuru na sauti, kwa sababu eti soko lipo.

Lakini machungu ya kuanza yanaeleweka: kibali, jengo, mishahara. Mimi naona kasheshe lenyewe huja siku wazazi wanapoanza kupanga foleni. Mwalimu aliyekuwa akijua nani kaamka na huzuni anaanza kuita majina kwenye orodha. Baraza la shule, ambako mtoto wa miaka saba aliweza kusimama akamshtaki mwalimu kwa kuchelewa, sasa linataka wawakilishi, na wawakilishi huwa ni walewale wasemaji. Kisha anakuja mzazi mmoja, mtu mwema kabisa, anaupenda uhuru wote huo ila anaomba majaribio mwisho wa muhula. Kidogo tu, ajue mwanawe kafika wapi. Mwaka wa pili kidogo hicho kina ratiba na msimamizi.

Santiniketan ilikua. Mwaka 1921 ikazaa Visva-Bharati, na 1951 serikali ya India ikaifanya chuo kikuu chake. Watoto bado husoma chini ya miti. Hata hivyo chuo kikuu ni chuo kikuu: kina vyeo, mitihani na makarani.

Shule ya Summerhill ilikwenda njia nyingine. A. S. Neill, Mskoti, aliianza Ujerumani 1921, ikatua Leiston, Uingereza, mwaka 1927, na mpaka leo ni shule ndogo ya bweni. Kuingia darasani ni hiari ya mtoto, na mkutanoni kura ya mkuu wa shule ni moja, sawa na ya mtoto. Mwaka 1999 wakaguzi waliibana mno, hasa kwa hiari hiyo, shauri likafika mbele ya baraza la rufaa London mwaka 2000. Serikali ilipopendekeza suluhu, watoto waliokuwapo waliitisha mkutano wao mle mle ukumbini, wakajadili, wakapiga kura, wakaikubali. Hebu jaribu hilo na wanafunzi elfu mbili!

Ndiyo maana nasema shule ikijaa, isiongeze ghorofa. Walimu wawili watoke wakaanzishe nyingine, yenye jina lake na makosa yake.

Najua nitaambiwa udogo ni anasa, maana walimu wengi kwa watoto wachache ni ada kubwa, na Summerhill yenyewe ni ya kulipia. Hapo nimebanwa kweli. Tagore naye alibanwa: mwaka 1936, mzee wa miaka zaidi ya 70 na mwenye Tuzo ya Nobel, bado alikuwa akizunguka miji ya India na wanafunzi wake wakicheza majukwaani kuchangisha fedha, hadi Gandhi alipomtafutia rupia 60,000 ili arudi nyumbani akapumzike.