Njia ya misafara kuja Mwanza: tulinde mstari au vituo?

Wapo wanaotaka njia ya zamani ya misafara ya wapagazi, ya kutoka Tabora kuja Mwanza, ilindwe. Marekani ilitunga sheria ya njia za taifa mwaka 1968, na mwaka 1978 ikaongeza humo njia za kihistoria, ikiwamo ile ya Oregon waliyopita walowezi kwenda magharibi. Wenzetu walikuwa na pa kuanzia: magurudumu ya mikokoteni ya maksai yalichimba mifereji hata kwenye miamba ya Wyoming, na mpaka leo inaonekana. Sisi wa kati ya Tabora na Mwanza tulinde nini? Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, hivyo mzigo ulikaa begani, frasila mbili, kama kilo 32, watu wakifuatana mmoja mmoja. Nyayo hazichongi mwamba. Tena njia yenyewe ilihamahama: mtemi akidai hongo kubwa, yaani ushuru wa kupita, au maji yakikauka, msafara ulizungukia kwingine.

Hata hivyo wanaotaka ilindwe wana hoja. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, kwa vituo sita. Tawi la kuja ziwani halimo. Na ndilo alilopita mpelelezi Mwingereza, Speke, mwaka 1858. Mpelelezi mwingine, Stanley, hakupita Tabora, alikatisha kupitia Iramba, lakini naye alifikia Kageye, Magu, mwaka 1875, mashua yake Lady Alice ikiwa imebebwa vipande vipande kutoka pwani. Mwenye mashua tunamjua. Waliobeba je?

Ila neno "hifadhi" huku kwetu linatisha. Mkulima wa pamba akiona bikoni pembeni ya shamba, anaanza kuhesabu ekari zinazoondoka, nami siwezi kumlaumu. Hata huko Oregon njia hupita sana kwenye ardhi za watu, na mwenye ardhi hushirikishwa kwa hiari yake.

Kwangu mimi, kulinda mstari mzima ni kulinda kitu ambacho hakikuwapo. Tulinde vituo, tuanze na Kageye. Vipande vya njia vinavyojulikana viachiwe vijiji, ambavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaviruhusu kutenga maeneo ya wote, kama vinavyotenga mapalio, yaani njia za ng'ombe. Na kwenye vibao, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waandikwe kwanza, Stanley baadaye.

Siku mchungaji wa Kageye atakapoambiwa akate tiketi ili apitishe ng'ombe wake kwenda ziwani kunywa maji, mnihesabu kati ya wapinzani.