Roma ya Kuazima

Kuna watu wanaozitazama picha za mchoraji Pompeo Batoni na kuona urembo tu. Mimi naona vyeti. Mtoto huyu wa sonara wa Lucca, aliyehamia Roma mwaka 1727 na kufia huko mwaka 1787, aliwachora vijana wa Uingereza waliotembezwa Ufaransa na Italia kwa miezi, wengine kwa miaka, ili wakamilishe elimu yao. Waliporudi, wengi hawakuwa na ushahidi mwingine wa elimu hiyo zaidi ya picha ukutani.

Picha ya Thomas Dundas, mmoja wa vijana hao, ya mwaka 1764 yaeleza jambo hili waziwazi. Nyuma ya kijana zimepangwa sanamu mashuhuri za Vatikani, wakiwamo Apollo, Laokoon na Ariadne aliyelala, wote wa hadithi za kale za Kigiriki, zote ndani ya ukumbi mmoja ambao haukuwapo popote isipokuwa kwenye fikra za mchoraji. Mwaka 1766 sanamu hizohizo zikamsindikiza Kirill Razumovsky, aliyekuwa hetmani (kiongozi mkuu) wa Ukraina. Wanaomdharau Batoni kwa kurudiarudia hivyo wanasahau nani alikuwa mteja: baba yake Dundas, Sir Lawrence, alikuwa ametajirika juzijuzi tu kwa kulipatia jeshi mahitaji yake, na fedha changa kama hizo zilihitaji kuazima ukale uliokwisha kutambulika, si ukale mpya ambao wageni wa nyumbani wangelazimika kuulizia.

Ninachoshindwa kukivumilia ni picha ya Kanali William Gordon, ya mwaka huohuo wa 1766. Amevaa nguo ya Kiskoti ya mirabamiraba, sehemu yake ikiwa imetupwa begani mithili ya toga, vazi la Warumi wa kale, upanga mkononi na Koloseo, uwanja wa kale wa Roma, kwa mbali, huku sanamu ya mungu wa kike Roma ikimnyooshea tufe la utawala kana kwamba mji umesalimu amri kwa mtalii. Mavazi yamechorwa kwa ustadi ambao wachache walikuwa nao wakati ule. Majivuno ni ya mteja, ingawa mchoraji hakuyapunguza hata kidogo, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya mchoraji Joshua Reynolds kule London.

Mimi huwatafuta mbwa. Batoni aliwachora katika picha kadhaa, wakiinua macho kwa bwana zao, wala hawajali kilichosimama nyuma.