Mguu Mfupi

Boti alinunua mjomba, mashine akanunua shemeji, wala hawakuulizana. Mimi nisiyetoa hata senti nikapewa kazi ya kushika mkono wa mashine.

Boti ilikuwa ya mbao, pana, tezi yake, yaani nyuma, imekatwa bapa kwa ajili ya mashine. Mjomba akapima tezi kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti: inchi 20. Akapima mashine ya shemeji, ile ya nguvu za farasi 15, safi, imetoka Kariakoo inang'aa hadi unajiona. Mguu wake, ule unaoshuka majini, inchi 15.

"Nguvu 15, mguu 15. Hesabu imekaa, mjomba!"

"Na hizo tano zilizopungua?"

"Maji yakijaa si yatafika?"

Shemeji ni mtu wa Dodoma. Mjomba alimtazama, akatazama bahari, akaamua kunyamaza.

Basi asubuhi hiyo pale Bagamoyo, soko la samaki limechangamka, nikatia petroli lita 20 na oili mililita 400, maana mashine hizi za kuchanganya hulishwa 50 kwa 1. Nikavuta kamba, ikawaka. Kuingiza gia tu, ikalia kama mbuzi wa Idi. Rafadha, lile panga la kusukuma maji, nusu iko nje, inakoroga upepo, povu linaruka hadi kwenye kofia ya mjomba, na boti imekaa palepale. Kina mama wa kukaanga samaki wakaacha makarai yao.

"Watu wote nyuma!" akaamuru shemeji.

Mjomba na wabebaji wawili wakajibana tezini, karibu kunikalia. Tezi ikazama, rafadha ikapata maji, tukachomoka. Kumbe dawa ndiyo hiyo! Tatizo ni kwamba omo, yaani kichwa cha boti, ilipanda juu, mbele sioni kitu ila mawingu. Shemeji akabaki omo awe macho yangu.

"Kulia! Kulia!"

Mkono wa mashine huenda kinyume: ukitaka boti iende kulia, unausukuma kushoto. Nikausukuma kushoto. Shemeji akaona nimemkaidi. Akaja mbio akiruka mbao za kukalia, akaninyang'anya mkono, akausukuma kulia kwa nguvu zote alizojaliwa. Na kwa kuwa naye sasa yuko nyuma, tezi ikazidi kuzama, rafadha ikashika vizuri kuliko mwanzo, tukaongeza mbio. Kushoto. Ilipokuwa mashua imetia nanga.

Bahati njema kile kikamba chekundu cha kuzimia mashine nilikifunga kwenye kifundo cha mkono. Nilipodondoka kwenye ndoo ya chambo nacho kikachomoka, mashine ikanyamaza, tukaenda kuigonga mashua taratibu, du!

Mzee mmoja humo ndani alikuwa anashona wavu. Hakuinua hata kichwa.

"Karibuni. Ila mlango uko upande wa pili."

Jioni fundi akaletwa. Akainama, akapitisha kidole kwenye lile bati lililo juu ya rafadha, akasema hili linatakiwa liwe sawa na mkuku au lishuke kidogo. Kukata tezi inchi tano anaweza, ila siku mtakapopunguza mwendo ghafla wimbi la nyuma litaingia humo bila hodi. Afadhali mkabadilishe mashine, mchukue ya mguu mrefu.

Mjomba akamgeukia shemeji. Shemeji macho yake yalikuwa kwa mchukuzi mmoja wa miraba minne, anapita na gunia begani.

"Na yule bwana," akauliza, "kwa siku analipwa shilingi ngapi?"