Pingu zimevuka mipaka ya Ulaya, utetezi umebaki nyuma

Aprili 2020, Ulaya ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, wapelelezi wa Ufaransa waliingia kimyakimya kwenye mtandao wa simu wa EncroChat, ambao seva zake zilikuwa Roubaix, kaskazini mwa nchi hiyo. Simu hizo ziliuzwa kwa ahadi kwamba hakuna mtu wa nje awezaye kusoma ujumbe wake, na wateja, ambao walizidi 60,000, waliongea bila woga: bei ya kokeini, mzigo unaoshushwa bandarini, nani auawe. Siku chache baadaye Ufaransa na Uholanzi zilitia saini makubaliano ya timu ya pamoja ya upelelezi kupitia Eurojust, taasisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko The Hague inayowakutanisha waendesha mashtaka wa nchi wanachama. Mwezi Juni kampuni ilishtuka na kuwaonya wateja wake wazitupe simu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kwa hesabu iliyotangazwa Juni 2023, watu 6,558 walikuwa wamekamatwa sehemu mbalimbali za dunia, na vifungo vilivyotolewa hadi wakati huo vilifikia jumla ya miaka 7,134.

Nauhesabu ushirikiano huu kuwa kati ya mambo mema ambayo Umoja wa Ulaya umeyafanya katika karne hii. Naamini pia kwamba umejengwa kwa kuegemea upande mmoja, na aliyesahauliwa ni yule anayesimama kizimbani.

Tuanze na faida, kwa kuwa ni kubwa na wakosoaji huzipita haraka. Mwaka 1995 treni za chini ya ardhi za Paris zilishambuliwa kwa mabomu. Mmoja wa watuhumiwa alikamatwa London mwaka huohuo, lakini Ufaransa ilimsubiri miaka kumi. Alikabidhiwa Desemba 2005. Mwaka huo wa 2005, mtuhumiwa wa jaribio la kulipua treni za London tarehe 21 Julai alikimbilia Roma, akakamatwa mwishoni mwa mwezi huo, na Septemba alikuwa amerudishwa Uingereza. Tofauti hiyo, kati ya kusubiri miaka kumi na kusubiri miezi miwili tu, imetokana na Hati ya Kukamatwa ya Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika Januari 2004. Hati hiyo iliwaondoa mawaziri katika uamuzi wa kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi nyingine na kuwaachia majaji. Iliweka muda wa siku 60 wa kuamua. Kwa makosa ya aina 32, yakiwemo ugaidi, biashara ya binadamu na rushwa, jaji haulizi tena kama kitendo hicho ni kosa pia katika nchi yake, mradi nchi iliyoomba inakiadhibu kwa kifungo ambacho ukomo wake haupungui miaka mitatu.

Waathirika wa uhalifu huu hawana nchi moja. Oktoba 2019 Wavietnam 39 walikutwa wamekufa ndani ya tela la lori huko Essex, Uingereza. Walikuwa wamepitishwa Ufaransa na Ubelgiji, na waliowasafirisha walikuwa wa mataifa kadhaa. Uingereza peke yake isingefika kwenye nyumba za Brussels walimofichwa. Ubelgiji peke yake isingempata dereva. Timu ya pamoja ya Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza na Ireland ndiyo iliyounganisha vipande, na hukumu zikatolewa London na Bruges. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumkumbuka Félicien Kabuga, aliyesakwa kwa miaka mingi kwa tuhuma za kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda na ambaye jina lake lilitajwa sana Nairobi. Alikamatwa tarehe 16 Mei 2020 katika kitongoji cha Paris, baada ya wapelelezi wa nchi kadhaa za Ulaya na wa mahakama ya Umoja wa Mataifa kuweka pamoja walichokijua kuhusu nyendo za jamaa zake. Anayesema kila nchi ibaki na polisi wake na mahakama zake awaambie hivyo wafiwa wa Essex.

Hata hivyo, mfumo mzima umesimama juu ya kuaminiana: jaji wa Ireland anachukulia kwamba mahakama ya Poland ni huru kama yake, na jaji wa Ujerumani kwamba gereza la Romania halimdhalilishi binadamu. Imani hiyo imetikisika mara nyingi mno. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba hali ya magereza inaweza kuzuia mtu asikabidhiwe, katika kesi zilizohusu Hungary na Romania. Mwaka 2018 jaji wa Dublin aliiuliza mahakama hiyo amfanye nini mtuhumiwa anayetakiwa na Poland wakati serikali ya huko inaingilia mahakama. Alijibiwa kwamba anaweza kukataa, ila lazima ionekane kuwa mtu huyo mwenyewe yuko hatarini, si nchi tu. Mtuhumiwa aliye mahabusu ugenini atathibitishaje jambo hilo? Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba waendesha mashtaka wa Ujerumani hawawezi kutoa hati hizo, kwa kuwa waziri wa sheria ana mamlaka ya kuwapa maagizo. Kwa miaka kumi na mitano watu walikuwa wamekamatwa kwa hati kutoka ofisi hizo.

Watetezi wa mfumo husema hukumu hizi zinaonyesha kwamba breki zinafanya kazi. Wana hoja. Carles Puigdemont, aliyekuwa kiongozi wa Catalonia, jimbo la Hispania, alipokamatwa Ujerumani mwaka 2018, mahakama ya Schleswig ilikataa kumkabidhi kwa kosa la uasi na kukubali la matumizi mabaya ya fedha za umma pekee; Hispania ikaiondoa hati yake. Lakini yeye alikuwa na mawakili hodari, na kamera za dunia zilikuwa mlangoni. Kijana aliyekamatwa kwa hati ya Poland kwa ajili ya wizi mdogo wa miaka mingi nyuma, na hati za namna hiyo zilimiminika kwa sababu sheria ya Poland iliwabana waendesha mashtaka wafuatilie kila kosa, hakuwa na kamera wala wakili wa aina hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ushahidi, na hapa EncroChat ndiyo kipimo halisi. Ufaransa ilikataa kueleza jinsi ilivyozidukua simu hizo, kwa kuwa njia hiyo ni siri ya ulinzi wa taifa; Aprili 2022 Baraza lake la Katiba lilibariki usiri huo. Ujumbe ukasafiri hadi Ujerumani na kwingineko, watu wakafungwa. Wakili wa Berlin akiuliza kama maandishi yamekamilika, kama hayakuchanganywa na ya mtu mwingine, au kama udukuzi ulikuwa halali, anaambiwa akaulize Ufaransa, na Ufaransa jibu ni siri. Tarehe 30 Aprili 2024 Mahakama ya Haki ilisema mwendesha mashtaka wa Ujerumani anaruhusiwa kuomba ushahidi ambao Ufaransa tayari inao bila kupitia kwa jaji, ikiwa sheria ya kwao inamruhusu hivyo katika kesi ya ndani. Iliongeza sharti zito: ushahidi ambao mshtakiwa hana uwezo wa kuujadili ipasavyo, na ambao huenda ukawa na uzito mkubwa katika hukumu, lazima utupwe.

Kuna jibu moja ninaloliheshimu kutoka kwa waendesha mashtaka. Wanasema wakifichua mbinu leo, kesho mtandao mwingine utaziba tundu hilo, na watakaolipa ni watu kama wale waliokuwa wakiandaliwa mateso huko Wouwse Plantage, Uholanzi, ambako Juni 2020 polisi walikuta makontena yaliyogeuzwa mahabusu na kiti cha daktari wa meno chenye mikanda. Ni kweli. Ila kuficha chombo cha udukuzi ni jambo moja, na kumnyima mshtakiwa data ghafi pamoja na mtaalamu huru wa kuichunguza ni jambo jingine. La pili halihitaji kufichua siri yoyote ya kijeshi.

Huko The Hague, kwenye Eurojust, waendesha mashtaka wana ofisi, wakalimani, fedha za kusafiri na vyumba vya mikutano ambamo huamua pamoja hata nchi ipi ifungue kesi. Mawakili wa utetezi hawana chumba katika jengo hilo wala bajeti. Kuhusu hati ya kukamatwa, sheria ya Umoja ya mwaka 2013 ilimpa anayetakiwa haki ya kuwa na wakili katika nchi aliyokamatwa na kumteua mwingine wa kumsaidia katika nchi inayomtaka. Maelekezo ya mwaka 2014 kuhusu amri ya upelelezi, ambayo ndiyo husafirisha ushahidi, hayana kifungu cha namna hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia: wakili wa pili katika nchi ulikokusanywa ushahidi, alipwe na serikali pale mshtakiwa asipojiweza, na haki yake ya kuona data iandikwe ndani ya makubaliano ya timu ya pamoja siku yanapotiwa saini.