Batwa wa Kahuzi-Biega: usawa au upendeleo?

Tangu sheria namba 22/030 ya Kongo (DRC) ya tarehe 15 Julai 2022 itiwe saini, swali moja halijaisha Bukavu, mashariki mwa nchi: kwa nini Batwa, wenyeji wa msituni walioishi kwa uwindaji, wapewe sheria yao, wakati kifungu cha 12 cha Katiba ya 2006 kinasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki ya kulindwa nayo sawasawa? Sheria hiyo inagusa ardhi ya Batwa, utamaduni, masomo na matibabu yao, na inataka waulizwe na wakubali kabla ya kuhamishwa.

Anayepinga hana roho mbaya. Mama Mshi (wa kabila la Bashi) wa mahali paitwapo Miti anayelima shamba la mwenzake naye hana pesa ya hospitali. Jirani yake Mutwa atibiwe kwa sababu ya ukoo, yeye akose kwa sababu ya ukoo? Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa kabila. Tena nani atathibitisha Mutwa ni nani, baada ya ndoa za mchanganyiko? Sisi tunaokaa ng'ambo ya mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, tunajua vitambulisho vyenye kabila viliwafikisha wapi Wanyarwanda mwaka 1994. Hofu hiyo siidharau.

Ila Kahuzi-Biega si habari ya umaskini tu. Parke hiyo, yaani hifadhi ya taifa, ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakatolewa msituni bila fidia. Aliyewatoa ni Serikali, na waliotolewa wanajulikana. Walipofika nje walikuta Bushi, nchi ya Bashi, ambako kwa desturi shamba lilipatikana kwa kalinzi: unampa mwami (mfalme wa jadi) au chefu ng'ombe, unapata ardhi. Mwindaji ng'ombe atamtoa wapi? Kwa Serikali hawakuwa na hati, kwa mwami hawakuwa na kalinzi. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, jambo zuri, lakini mila iliyosikilizwa ni ya mkulima na mfugaji. Hivyo kanuni ileile, ikitumiwa kwa wote bila chuki yoyote, ilimwacha mmoja mikono mitupu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, iliona kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa hao.

Watetezi wa parke nao wana hoja. Gorila wa huko ni wachache, na tangu baadhi ya Batwa waliporudi msituni mwaka 2018 miti imekatwa sana kwa kuchoma makala (mkaa). (Makala hayo hayatumiwi na Batwa, majiko ya mjini yanayajua.) Aliyekata miti ashitakiwe, sawa. Ila mwaka 2020 kuna Batwa waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi, ingawa kifungu cha 156 kinasema mahakama hizo ni za makosa ya askari na polisi. Hapo ndipo usawa ulipovunjika wazi kuliko kwenye sheria yoyote ya upendeleo.

Kwa maoni yangu, sheria ya 2022 ingetazamwa kwa vipande. Sehemu ya ardhi na ridhaa si upendeleo: ni deni, na deni hulipwa kwa anayedai. Sehemu ya matibabu na masomo ina msingi dhaifu zaidi. Hata kifungu cha 51, kinachoitaka Serikali ilinde wanyonge na walio wachache, hakimfungii nje yule mama wa Miti. Huduma hiyo ingefuata uhitaji, na Batwa wengi wangeipata vilevile bila mtu kuulizwa kabila mlangoni pa hospitali.

Ugumu ni nani atailipa hiyo ardhi. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa waasi wa AFC/M23, wakati mdaiwa aliyetajwa na Tume ni Serikali iliyoko Kinshasa.